Kidole cha Mjomba

Chapchap hakuwa mtu wa vikao. Mmoja anaongea, wa pili anarudia yaleyale kwa sauti nzito, wa tatu anauliza kama chai imeshafika. Lakini kikao cha kuchagua mfumo mpya alikiingia kifua mbele, shati limechomekewa, maana safari hii kiti cha karibu na ukuta wa kuonyeshea picha kilikuwa chake.

Na aache aringe kidogo. Shule aliiacha njiani. Shirika la umeme aliliingia akivuta nyaya chini ya sakafu, vumbi mpaka kwenye kope, halafu akajifunza kompyuta kwa kuchungulia mabegani mwa watu na kuwauliza maswali mpaka wakamchoka wakamfundisha. Jina la Chapchap alipewa hukohuko kazini. Ukimtuma, ameshafika. Ukimwambia subiri, ameshaondoka. Mdomo wake nao haukuwa na breki.

Aliyemwingiza pale ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mkuu wa karakana ya transfoma. Huyu Mjomba alikuja kuwa Mjomba wa kila mtu. Chapchap alivyokuwa akimwita hivyo mbele za watu, mafundi wakadaka, walinzi wa geti wakadaka, mwisho hata mkurugenzi akipita karakana alikuwa anasema, "Mjomba, hali gani?" Jina lake la kwenye makaratasi ya ofisi lilikuwepo, ila hakuna aliyelitumia. Ungelitaja pale karakana, watu wangekuuliza unamtafuta nani.

Sasa hilo shirika lilikuwa kubwa, na ukubwa ndio uliokuwa ugonjwa wake. Kila idara ilikuwa na kompyuta zake na paswedi zake. Stoo nzima walitumia paswedi moja, imeandikwa kwa kalamu nene, imebandikwa ukutani juu ya kalenda, ili mgeni asisumbuke kuuliza. Mtu akihamishwa, akaunti yake inabaki wazi. Akistaafu, inabaki. Akifa, nayo inabaki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna msoma mita mmoja, watu walishamzika na kumlilia, akaonekana kwenye kompyuta anatoa transfoma stoo. Transfoma nzimanzima! Zikapakiwa kwenye lori, zikaondoka, hazikuonekana tena.

"Marehemu ana bidii kuliko sisi tulio hai," Chapchap alisema siku hiyo, na chumba kizima kikacheka isipokuwa mkurugenzi.

Basi ikaundwa kamati. Ichague mfumo mmoja, wa shirika zima, utakaojua nani ni nani, na nani anaruhusiwa kufungua nini, iwe kompyuta, stoo au geti. Mwenyekiti alikuwa Mama Mtandao, mkuu wa idara ya kompyuta, mwanamke asiyepandisha sauti, ila akivua miwani yake ujue umekwisha. Ulinzi walimleta Afande, mstaafu wa jeshi. Utumishi walimleta dada mmoja mpole aliyekuwa akiitikia kila kitu kwa kichwa. Karakana na vituo vya nje wakawakilishwa na Mjomba. Chapchap hakupewa kura. Kazi yake ilikuwa kuijaribu mifumo, kuitesa, na kuwaambia wakubwa ukweli wake.

Makampuni yalikuja mengi na maneno matamu. Baada ya mchujo ikabaki mifumo miwili.

Wa kwanza uliletwa na muuzaji mmoja mwenye tai nyekundu ambaye Chapchap alimwita Bwana Tai tangu siku ya kwanza, usoni kwake kabisa. Mfumo wake ulikuwa mwepesi. Unachukua majina kutoka utumishi kama yalivyo, unampa kila mtu akaunti moja na kadi moja. Akiondoka kazini, utumishi wanabonyeza mahali pamoja, milango yote inajifunga.

Wa pili ulianzia mbali zaidi. Kabla hujapewa akaunti, unaweka kidole. Mashine inakwenda kuuliza kwenye kumbukumbu za vitambulisho za taifa: huyu ni nani? Jibu likilingana na jina walilonalo utumishi, karibu. Lisipolingana, hupati kitu, na taarifa inaruka palepale mpaka utumishi na ulinzi. Hata anayeendesha mashine hawezi kuirudisha.

Chapchap aliupenda huo wa pili kama mtu anavyopenda timu ya mpira. "Huu haubembelezwi," alikuwa akisema kila kona. "Huu hauna shemeji wala jirani."

Siku alipokwenda karakana kupima mtandao, Mjomba alimkaribisha kwenye benchi lake. Karakana ilinuka mafuta ya transfoma kama kawaida, na koili za shaba zilikuwa zimefunuliwa mezani, vijana wanazifunga upya.

"Mpwa wangu," Mjomba akasema, "huo wa kidole una haja gani? Vidole vya watu wangu ni mafuta matupu. Mashine itasoma nini?"

"Nimewajaribu vijana wako. Wamenawa, imesoma."

"Na mtandao ukikatika? Huku unakatika wakati wowote unaojisikia."

"Inahifadhi, Mjomba. Mtandao ukirudi, inaendelea."

"Haya, na vituo vya nje huko, nani atazungusha mashine?"

"Mimi. Nitazunguka nayo begani." Chapchap akacheka. "Mjomba, una sababu ngapi? Nikiziba tundu huku unatoboa kule."

Mjomba alicheka pia, kidogo. Akachukua kitambaa, akajifuta mikono kidole kimojakimoja, akakiangalia kitambaa badala ya kumwangalia mpwa wake.

"Niachie hili," akasema. "Sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hakuwahi. Kutoka kwa Mjomba vitu vilikuwa vinakuja upande mmoja tu: viatu vya shule, matibabu ya mama, na hiyo kazi yenyewe.

"Kwa nini lakini?"

"Kuna jambo mtu anamwachia mwenzie bila kuuliza."

"Mjomba, mimi na mafumbo hatuelewani. Sema tu."

Mjomba alifungua mdomo. Pengine angesema. Lakini kijana mmoja akapiga kelele kwamba mnyororo wa winchi umekwama, Mjomba akainuka akaenda, na Chapchap hakungoja arudi.

Haukupita muda akamwona Mjomba pale pa kuegesha magari, anacheka na Bwana Tai. Bwana Tai akafungua buti ya gari, akatoa mfuko mkubwa, akampa. Wakashikana mikono kwa nguvu kama watu waliomaliza biashara. Chapchap alisimama nyuma ya gari la ngazi. Kumbe! Kumbe ndiyo maana sababu hazikwishi!

Kesho yake alimfuata kantini, akavuta kiti bila kusalimia.

"Tai amekupa nini?"

"Kofia za kampuni yao," Mjomba akasema. "Na miavuli. Unataka mwavuli?"

"Umelambishwa, Mjomba?"

Mjomba aliacha kula. Chapchap alitegemea kofi, au tusi, au angalau bakuli lisukumwe. Badala yake kwenye uso wa mzee kulipita kitu ambacho siku ile hakukielewa. Alikuja kukielewa baadaye, na bora asingekielewa: Mjomba alikuwa kama mtu aliyetua mzigo.

"Fikiria unavyotaka," Mjomba akasema, akaendelea kula.

Mtu safi angenizaba kibao, Chapchap akajisemea. Akatoka pale na jibu lake mfukoni.

Siku ya kuchagua ikafika. Chapchap alionyesha mifumo yote miwili kwenye ukuta, na alionyesha vizuri, hakuna aliyesinzia. Afande akasema yeye ni wa kidole, hana zaidi. Dada wa utumishi akaitikia kwa kichwa, lakini kila upande aliitikia. Kisha akaongea Mjomba.

Aliongea taratibu, kama anavyoongea karakana. Akasema vituo vya nje kuna mafundi wanaoitwa kwenye nguzo saa yoyote, laini imekatika, hospitali iko gizani, na wao hawawezi kukaa wanagombana na mashine iliyowakataa kidole chenye kovu. Akasema tuanze na kadi, tuzoee, kidole kitakuja mbele ya safari. Yalikuwa maneno ya akili, hilo halina ubishi. Mama Mtandao alikuwa anaandika. Mkurugenzi, aliyekuja kusikiliza tu, alisema, "Mjomba ana hoja."

Chapchap aliona mfumo wake unateleza mikononi. Alikuwa ameupigania, ameutesa, ameuleta mpaka mlangoni, halafu unazuiwa na mfuko wa kofia.

"Mjomba ana sababu zake," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye aliiona kubwa kwa chumba kile. "Mwulizeni Bwana Tai alimpa nini pale nje. Tunatafuta waliotuibia transfoma, kumbe mlungula tumeuweka humuhumu mezani, tunauita hoja."

Feni ilisikika. Dada wa utumishi alitazama kucha zake.

Mama Mtandao akavua miwani. Lakini hakumgeukia Chapchap kwanza. "Mjomba," akasema, "hujibu?"

Mjomba alikuwa ameshika kalamu, anaizungusha. Akailaza mezani.

"Sina la kujibu, mama. Nafuta niliyosema. Chagueni huo wa kijana."

Wakachagua huo wa kijana. Nani angenyoosha mkono kwa upande wa pili baada ya pale? Mjomba akatolewa kwenye kamati kimyakimya, bila barua wala maelezo, akaambiwa tu asijisumbue kuja tena. Kwenye korido alimpita Chapchap, akamgusa bega.

"Umeonyesha vizuri ile picha ya mwanzo," akasema. "Ilieleweka."

Chapchap hakujua acheke au afanye nini.

Mama Mtandao alimwita ofisini. "Umeshinda," akamwambia. "Ila una ushahidi wa ulichosema?"

"Nilimwona kwa macho yangu akipewa mfuko."

"Hata mimi nilipewa mwavuli," Mama Mtandao akasema, akaonyesha kwa kidevu. Ulikuwa umeegemea kona, mwekundu, na jina la kampuni. "Nenda nje upate hewa."

Alikwenda nje, hewa ikakataa kuingia. Aliwaza amfuate Mjomba siku hiyohiyo. Lakini kumfuata ni kusema amekosea, na kichwani bado kulikuwa na swali: kama ni miavuli tu, mbona hakujitetea? Akaahirisha. Mtu ambaye hakuwahi kuahirisha kitu maishani, hilo aliliahirisha.

Wakaanza kuandikisha vidole. Idara baada ya idara, watu wanapanga mstari, wanataniana. Dereva mmoja akaambiwa mashine inasoma mpaka madeni. Mpishi wa kantini akauliza kama itajua anaweka chumvi nyingi. Watu wachache walikwama kwa makosa ya herufi, wakarekebishiwa. Chapchap alikuwa mfalme wa zoezi, mashine begani, anaingia anatoka.

Mjomba peke yake hakupatikana. Siku ya karakana alikuwa na bandeji kwenye gumba. Mara ya pili alikuwa likizo. Mara ya tatu akasema macho yanamuuma.

"Macho na kidole vinahusiana wapi?" vijana wa karakana wakacheka.

Chapchap hakucheka. Alijua, au alidhani anajua: Mjomba amenuna. Amedhalilishwa mbele ya wakubwa na mtoto aliyemlea, na sasa anaikwepa mashine kwa sababu ameishika yeye. Na kwa kuwa roho ilikuwa inamsuta, akapata wazo. Atakwenda mwenyewe karakana, mchana, mbele ya vijana wote, amwandikishe Mjomba kwa heshima na utani, watu waone hakuna kinyongo kati yao. Itakuwa kama kuomba radhi bila kuomba radhi. Alidhani anatengeneza.

Alichokuwa hakijui ni kwamba Mjomba alishaomba kustaafu mapema. Maombi yake yalikuwa mezani kwa mkuu wa utumishi, yamebakiza sahihi. Angeachwa kidogo tu angeondoka kwa mlango wa mbele, na keki, na hotuba, na saa ya ukutani.

"Mjomba!" Chapchap akaingia karakana akipaza sauti. "Leo nimekuja kwako maalumu. Mfalme hafuati foleni, foleni inamfuata."

Vijana wakashangilia. Wakaacha koili, wakaja kuzunguka.

"Leo si siku nzuri, mpwa," Mjomba akasema. Bandeji hakuwa nayo tena.

"Kitambo kidogo tu."

"Niache mpaka wiki ijayo."

"Mjomba anaogopa sindano!" kijana mmoja akadakia, kicheko kikalipuka.

Chapchap akasogea, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Mjomba, usininunie mbele za watu. Nimekuja kwa wema. Tafadhali."

Mjomba alimtazama. Akawatazama vijana wake, wote meno nje, wanangoja. Kukataa pale kungekuwa ni kusema kitu, na kukubali ni kusema kitu kilekile. Akachukua kitambaa, akajifuta gumba, akaliweka juu ya kioo.

Mashine ikafikiri. Kisha kioo kikawa chekundu.

Picha iliyotokea ilikuwa ya Mjomba, hakuna shaka, na kovu lake la kwenye nyusi. Jina halikuwa la Mjomba. Yaani halikuwa lile la utumishi. Lilikuwa jina ambalo Chapchap alilijua tangu utotoni, ambalo mama yake alilitumia akimkasirikia kaka yake, ambalo bibi alikuwa akiliita uani. Siku zote alidhani ni jina la nyumbani, la kudekeza, kama yeye mwenyewe alivyokuwa na lake. Chini yake mashine iliandika: *Majina hayalingani. Taarifa imetumwa.*

Alibonyeza kughairi. Akabonyeza tena. Akang'oa waya wa mtandao kwa mkono, mbele ya watu. Alijua haisaidii. Ni yeye aliyesimama mbele ya kamati akasema hiyo ndiyo raha yake, kwamba hata anayeiendesha hawezi kuirudisha.

"Imesoma?" Mjomba akauliza.

"Imesoma."

"Haya." Mjomba akageuka kwa vijana. "Mnatazama nini? Rudini kazini, hizo koili hazijifungi zenyewe."

Wakarudi, bila kuelewa. Mjomba akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa vizuri mpaka viwikoni, akavua ovaroli, akaikunja. Alipomaliza, Afande alikuwa ameshafika. Alikuja mwenyewe, hakutuma mlinzi, na kofia ameishika mkononi.

"Mjomba," akasema, "twende kidogo."

"Twende, Afande."

Walipofika geti la ndani, Mjomba akaweka kadi yake ya zamani. Taa ikawaka nyekundu. Afande akamfungulia kwa kadi yake mwenyewe.

Chapchap hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Akamwambia yote akiwa amesimama mlangoni. Mama aliendelea kukunja mpaka alipofika kwenye lile jina. Hapo mikono ikasimama.

"Kaa chini," akasema.

"Mama, yule ni nani?"

"Yule ndiye mjomba wako. Jina la kazini ni la kaka yetu mkubwa. Yule wa kwenye picha sebuleni kwa bibi yako."

Kwenye hiyo picha kulikuwa na kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Nyumbani walimwita Marehemu tu. Chapchap hakuwahi kuuliza Marehemu alikuwa anaitwa nani.

"Ndiye aliyesoma," mama akasema. "Sisi wote tulikuwa tunamtegemea yeye. Shirika likamwita aanze kazi, na yeye ameshalala hospitali. Hakutoka. Tumetoka kuzika, baba hana kazi, mimi na wadogo zangu tunatazamana. Mjomba wako alikuwa ameacha shule kama wewe, anabeba mizigo sokoni. Akachukua vyeti vya kaka yake, akaenda. Nani angejua? Wanafanana. Alilivaa jina la kaka yake kama mtu anavyovaa shati la marehemu. Halikumtosha, akalivaa hivyohivyo, na kazi akajifunza palepale kwa mikono. Vitambulisho vya taifa vilipokuja kuandikishwa mtaani, majirani wote wanamjua, angesema jina gani tena? Akasema lake."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Na mdomo huo?"

Hapo ndipo Chapchap alipokaa chini.

"Alikuja hapa," mama akaendelea, sauti imepungua. "Kabla ya kikao chenu. Akaniuliza, nimwambie mtoto? Nikamwambia usimwambie. Mwombe tu, ataelewa. Mimi ndiye niliyesema hivyo." Akachukua shati lingine, akalikunja, likawa limekaa upande, akalikunja upya. "Akarudi siku nyingine, anacheka. Akasema, afadhali, mwanao anadhani nimekula rushwa."

Shirika halikumpeleka Mjomba mahakamani. Mkurugenzi alisema mtu amefanya kazi yake miaka yote bila doa, waachane naye. Walimfukuza tu. Kiinua mgongo kikaenda na lile jina, kwa maana mwenye jina hakuwahi kufanya kazi pale, na aliyefanya kazi hakuwahi kuajiriwa. Ndivyo dada wa utumishi alivyolieleza, kwa upole wake wote.

Chapchap alikwenda kwa Mama Mtandao. "Nataka kusema kitu mbele ya kamati."

"Mfumo haujakosea," Mama Mtandao akasema.

"Najua, mama."

"Wewe pia hukukosea kuuchagua. Wale waliotumia akaunti ya yule msoma mita marehemu wamekamatwa kwa huohuo. Lori limepatikana."

"Najua. Si hilo ninalotaka kusema."

Wakamwita. Akasimama palepale aliposimama siku ile, akasema Mjomba hakula rushwa, kwamba alimsingizia, kwamba ule mfuko ulikuwa wa kofia na miavuli na kila mtu pale alipewa. Akaomba iandikwe.

"Kijana," Afande akasema, bila ubaya, "unataka tuandike kwamba ni msafi wa rushwa, mchafu wa jina?"

"Ndiyo, Afande."

"Kitamsaidia nini?"

"Hakitamsaidia."

Wakaandika. Mama Mtandao alihakikisha imeandikwa. Ilichukua muda mfupi kuliko chai kuzungushwa.

Ilibaki kazi ngumu. Kwa Mjomba alikwenda siku ya mapumziko, asubuhi. Alimkuta kibarazani amefungua pasi ya jirani, skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Siku hizi ndiyo kazi: pasi, feni, majiko ya umeme ya mtaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Vua viatu, kumefagiliwa. Vuta kigoda."

Chapchap akavuta. Mjomba akauliza habari za karakana, nani anapima mafuta, ile winchi imetengenezwa au bado wanaipiga nyundo. Chapchap akajibu yote. Akasema mkuu mpya ni mkali lakini hajui kusikiliza transfoma. Mjomba akacheka. Yakaisha hayo, wakabaki na pasi.

"Ungeniambia, Mjomba," Chapchap akasema mwishowe. Ilitoka kama lawama, na hakuipanga itoke hivyo.

"Ningekwambia, ungenificha?"

Kwenye barabara kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Chapchap alimsubiri apite. Angeweza kusema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo. Lakini alijijua: alikuwa ameupenda mno ule mfumo, na alikuwa amewaambia watu wote hauna shemeji wala jirani.

"Sijui," akasema.

"Ndiyo maana sikukwambia. Sikutaka nikutwishe hilo, halafu uje uchague vibaya, kwa huku au kwa kule." Mjomba akapuliza vumbi ndani ya pasi. "Kwa hilo sina neno na wewe. Mashine imeniuliza jina, nimetaja la uongo, imesema ni uongo. Basi. Lakini lile la mlungula, mpwa, mbele ya yule mama na mkurugenzi. Hilo umenionea."

"Nimekwenda kulifuta. Wameandika."

"Nimesikia. Afande alipita." Akachukua skrubu, akaitazama, akairudisha kwenye kisahani. "Unajua nilikuwa tayari kuondoka nalo? Nilisema acha waniite mla rushwa. Mla rushwa anafukuzwa, watu wanasahau. Ningetoka mbaya mimi, lakini jina la kaka lingetoka salama. Sasa limekaa pale kwenye kompyuta zenu, limeandikwa la bandia. Na yeye masikini hakumwibia mtu. Alikuwa amelala hospitali."

Chapchap alitazama mikono ya mjomba wake. Mafuta ya transfoma yalikuwa yameanza kutoka kwenye mistari ya vidole, ngozi inarudi rangi yake.

"Naweza kuomba waondoe hilo neno," akasema.

"Mfumo unaruhusu?"

Hauruhusu. Alijua hauruhusu. Kilichoandikwa kinabaki, hilo nalo alilisifia kwenye kikao. Mjomba hakuuliza tena, akaanza kurudishia kifuniko cha pasi.

Akainuka kuondoka, akafika ukingoni mwa baraza, akageuka akasema, "Nisamehe, Mjomba." Alilisema vibaya, haraka, macho kwenye sakafu.

"Nimekusikia," Mjomba akasema.

Chapchap alisimama pale, ameshika viatu vyake mkononi, akitegemea kuna neno lingine linakuja. Mjomba akachomeka pasi kwenye umeme, akaisogezea kiganja karibu, anasikiliza kama imeanza kupata moto.